Sumaku Hutulia Vipi? Somo la Kufifia kwa Spini kwa Wasiopenda Kukariri



Kila aliyepita sekondari aliandika kwenye daftari lake kwamba sumaku ikiwekwa ndani ya uga wa sumaku hujielekeza upande wa uga huo. Tukaandika, tukakariri, tukajibu mtihani, maisha yakaendelea. Sentensi hiyo ni kweli, ila imeruka hatua moja kubwa. Ukiingia ndani ya chuma, kwenye sumaku ndogo kabisa zinazobebwa na elektroni, uga peke yake hauwezi kuzielekeza. Unaweza kuzizungusha tu. Kama hakuna kitu kingine cha kuzituliza zitazunguka milele, na hakuna hata moja itakayoufuata uga. Hicho "kitu kingine" ndicho somo letu leo: kufifia kwa mzunguko wa usumaku, na njia ambazo spini hutumia kutulia.

Kwa nini nimelichagua? Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati, na kuna maneno nayasikia sana vibarazani na kwenye foleni ya chakula: eti mtu wa ualimu hahitaji kuijua fizikia ya mango kwa kina, kwani mwisho wa siku atafundisha Kidato cha Pili. Soma upate C, usile sapu, usidisko, tosha. Wapo wanaolisema kwa utani na wapo wanaoliamini kabisa. Mimi nalikataa, na badala ya kulalamika nimeona nilijibu kwa kufundisha. Ukimaliza kusoma uamue mwenyewe kama mwalimu wa Kidato cha Pili anaweza kuishi bila haya. Na wewe wa Sheria au wa Fasihi usiondoke, hakuna kanuni ndefu hapa.

Pia inayozunguka

Elektroni ina sifa iitwayo spini. Jina lisikudanganye ukadhani ni kampira kadogo kanakojizungusha. Kinachotuhusu ni kwamba elektroni inabeba vitu viwili vilivyofungwa pamoja: usumaku, na momenta ya mzunguko, yaani ile tabia ya kitu kinachozunguka ya kukataa kugeuzwa hovyo. Katika chuma, kobalti na nikeli, spini za atomu jirani hupenda kuelekea upande mmoja. Ndiyo maana metali hizi zinaitwa za kiferomagneti. Mpangilio huo hudumu mpaka joto livuke kiwango fulani: chuma huupoteza kwenye nyuzi 770 za Selsiasi, nikeli kwenye nyuzi kama 358.

Sasa mkumbuke pia, ile ya mti tuliyokuwa tunaichapa kwa kamba. Pia isiyozunguka ukiisimamisha inaanguka mara moja. Pia inayozunguka, hata ikiinama, haianguki papo hapo. Uzito unaivuta chini, lakini yenyewe inajibu kwa kwenda pembeni: mhimili wake unachora duara hewani. Sababu ni ile momenta ya mzunguko.

Spini inafanya vivyo hivyo. Uga wa sumaku unataka kuigeuza iuelekee, nayo inajibu kwa kwenda pembeni, inauzunguka uga. Kwenye uga wa tesla 1 inazunguka mara bilioni 28 hivi kwa sekunde, yaani gigahezi 28. Pembe kati ya spini na uga haibadiliki. Na kwa kuwa nishati yake inategemea pembe hiyo, nishati nayo haibadiliki. Hapo ndipo penye fumbo: ili spini iufuate uga, lazima ipunguze nishati. Ili ipunguze, lazima awepo wa kuipokea. Bila mpokeaji hakuna kutulia.

Pia ikichoka huanguka chini. Spini "ikichoka" hulala upande wa uga. Zote mbili zinaenda kwenye nishati ndogo, na zote mbili zinahitaji mahali pa kuitua ile ya ziada.

Sindano ya dira ni suala tofauti kidogo, msichanganye. Yenyewe ni nzito, imekaa juu ya ncha, na inayumba kushoto na kulia badala ya kuchora duara. Kinachoituliza ni msuguano wa ncha na hewa, na dira nyingine hujazwa kimiminika makusudi ili sindano itulie upesi. Ila kanuni ni ileile: uga hutoa mwelekeo, msuguano hutoa utulivu. Ukiondoa msuguano, dira itayumba bila kukuonyesha kaskazini.

Namba moja iitwayo alfa

Mwaka 1935 Lev Landau na Evgeny Lifshitz waliandika mlinganyo wa mwendo wa usumaku. Ukiusoma kwa maneno ya kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza inasema: zunguka kandokando ya uga. Ya pili inasema: huku ukizunguka, sogea kidogokidogo kuelekea uga. Mwaka 1955 Thomas Gilbert akaiandika upya sehemu ya pili. Akaichukulia kama msuguano unaotegemea kasi: usumaku ukigeuka haraka, unapingwa zaidi. Ukubwa wa msuguano huo unawakilishwa na namba moja isiyo na kizio, alfa, ambayo leo inaitwa kigezo cha Gilbert.

Hapa kuna jambo la kuwatia moyo wenzangu wanaosubiri utafiti wao urudishwe na msimamizi. Maelezo kamili ya Gilbert yalikuja kuchapishwa kwenye jarida mwaka 2004, karibu miaka 50 baada ya wazo lenyewe. Muda wote huo watu walikuwa wanalitumia tu. Kwa hiyo subira, jamani.

Alfa inatuambia nini? Tufanye hesabu ndogo. Kama spini zimeinamishwa kidogo tu kutoka kwenye uga, idadi ya mizunguko kabla ukubwa wa duara haujashuka hadi kama theluthi moja (asilimia 37 hasa) ni moja gawanya kwa mara mbili ya pai mara alfa. Alfa ikiwa 0.01, unapata mizunguko 16 hivi. Kwenye tesla 1 hiyo ni kama nusu nanosekunde, na nanosekunde ni sekunde moja uliyoigawa vipande bilioni. Alfa ikiwa 0.0001, unapata mizunguko kama 1,600.

Namba hizi si za kubuni. Aloi ya nikeli na chuma, nikeli ikiwa kama asilimia 80, ina alfa iliyo karibu na 0.01. Kuna fuwele iitwayo ganeti ya itriamu na chuma, kwa kifupi YIG, iliyotengenezwa mara ya kwanza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1956. Sampuli nzuri za YIG zina alfa iliyo chini ya 0.0001. Zote mbili ni sumaku, lakini moja inatulia mara mia haraka zaidi ya nyingine. Kwa nini?

Alfa yenyewe haijibu, inapima tu. Ni sawa na kumwambia fundi gari linayumba: amepata taarifa, hajapata sababu. Sababu lazima tuingie ndani kuzitafuta.

Njia ambazo nishati hutokea

Njia ya kwanza inapitia elektroni zenyewe. Elektroni inapopita karibu na kiini cha atomu, kwa upande wake ni kama kiini ndicho kinachotembea, na chaji inayotembea hutengeneza uga wa sumaku. Kwa hiyo spini ya elektroni inahisi mwendo wa elektroni hiyo. Muungano huu wa spini na mzingo ndio mlango mkuu. Bila mlango huo spini zingebaki na mambo yao na kimiani cha atomu na mambo yake. Mwaka 1970 Vladimír Kamberský, mwanafizikia wa Kicheki, alieleza namna mlango unavyofanya kazi kwenye metali. Usumaku unapogeuka, viwango vya nishati vya elektroni vinapanda na kushuka. Elektroni zinatakiwa kujipanga upya, lakini haziwezi papo hapo, zinachelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakokula nishati, na mwisho inaishia kwenye kutetemeka kwa atomu, yaani joto.

Ukielewa kuchelewa utaelewa pia ajabu moja. Wengi tungetarajia kitu kikipoa msuguano upungue. Kwenye nikeli safi iliyopozwa sana, kufifia kunaongezeka. Kwenye baridi elektroni hugongana mara chache, na ni migongano hiyo ndiyo inayozisaidia kujipanga upya. Migongano ikipungua, kuchelewa kunakua, na hasara nayo inakua.

Njia ya pili tunaifahamu kutoka sekondari: mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya metali pale uga unapobadilika. Usumaku ukigeuka, unasukuma mikondo hiyo, na mikondo inapasha metali joto. Njia hii ina nguvu kwenye kipande kinene. Kwenye utando wenye unene wa nanomita chache haina maana sana.

Njia ya tatu ni uchafu. YIG ni kihami, haina elektroni huru, kwa hiyo njia mbili za juu zimefungwa. Ndiyo siri ya alfa yake ndogo. Lakini ukiingiza kiasi kidogo tu cha elementi fulani za ardhi adimu, kama terbiamu, hasara inapanda sana, kwa sababu atomu hizo zina muungano mkali wa spini na mzingo. Atomu chache tu zinatosha kuwa bomba la kutolea nishati ya kundi zima. Watafiti wa miaka ya 1950 waliposafisha malighafi, waliona wazi kufifia kunapungua.

Njia ya nne ina ujanja, na hapa naomba umakini. Fikiria makofi ya kilo kwenye ukumbi. Watu wote wanapiga kwa pamoja, sauti inatikisa bati. Sasa watu wachache waliokaa nyuma ya nguzo wakose mdundo, na majirani zao wafuate. Baada ya muda sauti kubwa imeyeyuka, lakini hakuna aliyeacha kupiga makofi! Spini nazo ziko hivyo. Mwanzoni zote zinazunguka kwa pamoja. Zikikutana na kasoro, mfano uso wa utando usio laini, ule mzunguko wa pamoja unavunjika na kuwa mawimbi mafupi ya spini, yaitwayo magnoni, kila moja na mdundo wake. Ukipima kutoka nje utasema mwendo umefifia. Kumbe nishati bado ipo ndani ya spini, haijafika kwenye kimiani. Kupoteza mpangilio na kupoteza nishati ni mambo mawili tofauti, na katika somo hili hapo ndipo watu wengi huteleza.

Njia ya tano ni changa kidogo. Mwaka 2002 Yaroslav Tserkovnyak, Arne Brataas na Gerrit Bauer walieleza kinachotokea ukiweka utando wa sumaku juu ya metali nyingine, kwa mfano platini. Usumaku unaozunguka unasukuma spini kuvuka mpaka na kuingia kwenye platini, bila chaji yoyote kusafirishwa. Platini inazimeza. Kwa kuwa uvujaji uko usoni, na akiba inategemea unene, utando ukiwa mwembamba athari inakuwa kubwa zaidi. Ndoo ndogo na ndoo kubwa zikitobolewa tundu linalolingana, ndogo ndiyo inayowahi kukauka.

Momenta nayo haipotei

Tumeongelea nishati, lakini spini ilikuwa inabeba pia momenta ya mzunguko. Nayo huhifadhiwa. Spini zikigeuka, momenta inakwenda wapi? Jibu lilitolewa kwa vitendo na Albert Einstein na Wander de Haas mjini Berlin mwaka 1915. Walining'iniza kifimbo cha chuma ndani ya koili kwa uzi mwembamba. Walipogeuza usumaku wake kwa mkondo wa umeme, kifimbo kizima kilijizungusha. Kile ambacho spini zilikiachia, kimiani kilikipokea.

Jaribio hilo lina funzo lingine kwa sisi tunaofanya maabara kwa kutafuta "jibu la kitabu". Namba waliyoitangaza ililingana na walichokitarajia, kwa kuwa walidhani usumaku unatokana na elektroni kuzunguka mizingo yake. Miaka michache baadaye wengine wakapima wakapata karibu nusu yake. Tofauti hiyo ilikuwa ni spini yenyewe, ambayo mwaka 1915 ilikuwa haijajulikana. Data iliyokataa kukaa sawa na kitabu ndiyo ilikuwa na habari.

Wanaipima vipi?

Chukua sampuli, iweke kwenye uga wa sumaku, kisha ipigie mawimbi ya maikrowevu. Masafa ya mawimbi yakilingana na mzunguko wa spini, sampuli inameza nishati kwa wingi. Hii ndiyo resonansi ya kiferomagneti. J. H. E. Griffiths aliiona Oxford mwaka 1946, na Charles Kittel akaeleza vizuri masafa yake mwaka 1948. Ukichora grafu ya nishati inayomezwa dhidi ya uga, unapata kilima. Kilima chembamba maana yake spini zinazunguka muda mrefu, kilima kipana maana yake zinatulia upesi.

Lakini upana peke yake unadanganya, kwa sababu sampuli isiyo sawasawa nayo inapanua kilima. Kwa hiyo wanapima upana kwenye masafa mengi tofauti na kuchora mstari. Mteremko wa mstari unatoa alfa. Kile kinachobaki mstari ukirudishwa hadi masafa sifuri ni kasoro za sampuli. Zile hesabu za mteremko na sehemu ya kukata mhimili tulizokuwa tunazikimbia Kidato cha Tatu ndizo zinazotenganisha hapa msuguano wa kweli na uchafu.

Kufifia ni kubaya?

Muulize yeyote aliyepanda daladala lenye shokapu zilizokufa. Gari likipita tuta moja linadunda mpaka kituo kinachofuata. Shokapu zinakula nishati makusudi, na tunazilipia. Upande wa pili, hakuna anayetaka shokapu kwenye waya wa gitaa.

Sumaku nazo ziko hivyohivyo. Kwenye diski ya kuhifadhia data, usumaku ukishageuzwa unatakiwa utulie haraka usije ukaendelea kuyumbayumba. Hapo kufifia ni rafiki. Kwenye vichujio vya maikrowevu vinavyotumia vitufe vya YIG, unataka mzunguko udumu. Hapo kufifia ni adui. Kisha kuna kumbukumbu za kompyuta zinazoandikwa kwa mkondo wa spini, wazo ambalo John Slonczewski na Luc Berger walilitoa mwaka 1996, kila mmoja kwa upande wake. Mkondo unapigana na msuguano hadi unaushinda na usumaku unageuka. Mkondo unaohitajika unapanda sambamba na alfa, kwa hiyo alfa ikipunguzwa nusu, umeme wa kuandikia nao unaelekea nusu.

Turudi darasani

Sasa nirudi kwa wale wa "tosha C". Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiuliza, "Mwalimu, sindano ya dira ikishafika kaskazini kwa nini isimame, isiendelee kuyumba?", utamjibu nini? Kuna jibu la "ndivyo ilivyo", na mtoto aliyepewa jibu hilo mara tatu hatauliza tena. Kuna jibu la "nishati imepotea", ambalo linavunja kanuni ya uhifadhi tuliyomfundisha wiki iliyopita. Na kuna jibu la "tuitafute imekwenda wapi". Hilo la tatu haliwezi kutolewa na mwalimu ambaye hajawahi kuitafuta mwenyewe. Hatamfundisha mtoto Gilbert wala Kamberský. Atamfundisha kuuliza mpokeaji ni nani, na atakuwa na ujasiri wa kulisubiri swali linalofuata. Hayo ndiyo tunayolipiwa ada humu, wenzangu.

Kwa mwenye hamu, fanya haya matatu kabla ya toleo lijalo:

1. Tafuta mizunguko mingapi hupita kwa alfa ya 0.005, na kwenye tesla 1 ni muda gani. Fanya kwa kalamu, achana na simu.

2. Dondosha sumaku yenye nguvu, mfano ya diski kuu mbovu ya kompyuta, ndani ya bomba la alumini, kisha ndani ya bomba la plastiki lenye urefu uleule. Sema ni njia ipi kati ya tano inayoonekana, na kwa nini nyingine nne hazihusiki.

3. Mweleze mwenzako asiyesoma sayansi tofauti ya kupoteza mpangilio na kupoteza nishati kwa kutumia makofi ya kilo. Akikuelewa, uko tayari kwa mazoezi ya kufundisha. Asipoelewa, rudia njia ya nne, kisha mfuate tena.